Kompyuta kumi za zamani, meza moja: mwongozo kamili wa kupanga ukarabati

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote kuhusu kompyuta za zamani huja baada ya moshi. Mtu amekusanya mashine kwa miaka: nyingine zimetoka stoo ya shule, nyingine ofisi iliyohama, moja ameletewa na shemeji aliyerudi kutoka Uingereza. Jumapili moja anapata nafasi, anachukua ile anayoipenda kuliko zote, anaichomeka ukutani na kubonyeza swichi. Paa! Nyumba nzima inanuka.

Swali la pili huja kimyakimya. Mashine tano zimefunguliwa kwa pamoja, skrubu zote ziko kwenye kopo moja la Blue Band, mwaka umeisha na hakuna hata moja inayowaka.

Maswali haya mawili yana chanzo kimoja: kazi haikupangwa. Ninachokuomba ukubali kabla hatujaanza ni hiki: inayooza hutangulia, unayoipenda husubiri. Hatua zote hapa chini zinafuata kanuni hiyo, na mifano yangu ni ya mashine zinazokutwa mara kwa mara: PC za 386 na 486, Commodore 64, BBC Micro, Amiga, na zile Macintosh ndogo zenye kioo ndani yake.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari gumu, kalamu isiyofutika, masking tepu na simu yenye kamera.
- Vikopo vidogo vyenye vifuniko, kimoja kwa kila mashine, kwa ajili ya skrubu.
- Multimita ya dijitali. Ya bei ndogo inatosha, mradi betri yake iwe nzima.
- Bisibisi za nyota na bapa. Kwa Macintosh ndogo utahitaji Torx T15 yenye shingo ndefu, kwa sababu skrubu mbili zimejificha ndani ya mpini wa juu.
- Siki nyeupe, miswaki laini, vijiti vya pamba, glavu na miwani ya kinga.
- Maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Soma chupa kwa makini, maana dukani asidi ya betri ya gari hukaa rafu hiyohiyo.
- Alkoholi ya isopropili, asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya rangi ya kuwashia moto usiitumie, inaacha madoa kwenye ubao.
- Solda yenye kirekebisha joto, risasi ya kuchomelea ya 60/40, flaksi (dawa inayosaidia risasi kushika) na pampu ya kunyonya risasi.
- Balbu ya nyuzi ya wati 60 hadi 100 na kishikio chake, pamoja na balbu ya indiketa ya gari ya volti 12, wati 21. Kazi yake utaiona hatua ya 6.

Karibu vyote hivi utavipata Kariakoo au Luthuli Avenue, Nairobi. Vipuri vya mashine yenyewe usinunue bado. Watu wengi humaliza bajeti kwa kuagiza chipu za ugonjwa ambao hawajaupima.

## Hatua ya 1: Usiwashe kitu, toa betri zote

Tenga Jumamosi moja kwa kazi hii peke yake. Fungua kila mashine, toa betri, funga, nenda inayofuata. Usisafishe na usijaribu chochote.

Kwa nini haraka hivi? Kwa sababu betri haijui kama mashine imezimwa. PC nyingi za 386 na 486, Amiga 2000 na Amiga 500 Plus zina betri ya nikeli na kadimiamu ya volti 3.6 iliyochomelewa juu ya ubao mama, mfano wa kipipa kidogo. Ikizeeka hutoa ute wa alkali unaotambaa juu ya ubao, unapenya chini ya rangi ya kijani na kula njia za shaba. Kila mwezi unaosubiri, ute unasogea.

Mahali pa kutazama:

Kwenye 386 na 486, kipipa mara nyingi kiko karibu na soketi ya kibodi. Kata miguu yake kwa koleo huku umevaa miwani. Kuichomoa vizuri kwa solda kutafanyika siku ya kusafisha. Piga picha kwanza ili ujue chanya ilikuwa upande gani.

Kwenye Amstrad PC1512, betri nne za kawaida za AA zinakaa juu ya kasha, chini ya monita. Wengi hununua mashine hii wasijue kwamba zipo.

Kwenye Macintosh nyingi za mwisho wa miaka ya 80 na za miaka ya 90 kuna betri ya lithiamu ya volti 3.6, fupi kama nusu ya AA. Kabla ya kufungua zile ndogo, soma onyo la mrija wa picha katika hatua ya 6. Hii hupasuka na kumwaga asidi. Nimeona ubao wa Macintosh SE/30 ulioliwa mpaka chuma cha fremu kikageuka makapi. Ukiikuta imepasuka, siki haifai hapo. Siki ni ya ute wa alkali tu.

Ukikuta chipu nene nyeusi iliyoandikwa Dallas, iache. Betri yake imefungwa ndani ya chipu na haimwagiki.

Ukitoa betri, PC itasahau vipimo vya diski yake. Kwa hiyo kabla hujafunga kasha, soma lebo iliyo juu ya diski na unakili idadi ya silinda, vichwa na sekta. Utaiandika kwenye kadi katika hatua inayofuata.

Umefaulu ukiona: betri zote zimekusanyika kwenye chombo kimoja, hakuna hata moja iliyobaki ndani ya mashine, na kila kasha limefungwa kwa skrubu zake.

## Hatua ya 2: Ipe kila mashine kadi

Kadi ni ukurasa mmoja wa daftari. Bandika namba kwenye mashine kwa masking tepu, namba hiyohiyo kwenye kopo la skrubu, na hiyohiyo juu ya ukurasa. Kisha andika: modeli, namba ya kiwandani, imetoka kwa nani, volti zilizoandikwa nyuma, kinachokosekana, na ulichokiona ulipoifungua.

Andika unachokiona, usiandike unachodhani. "Kuna unga wa kijani sentimita tatu kuzunguka betri" ni taarifa. "Ubao umekufa" ni hukumu, na hukumu ya mapema imepeleka jalalani mashine nyingi zilizokuwa na ugonjwa mdogo.

Piga picha sita: mbele, nyuma, lebo, ndani yote, ubao karibu, na jinsi nyaya zilivyochomekwa. Picha ya nyaya ndiyo itakayokuokoa. Pawa saplai za PC za zamani huingia kwenye ubao kwa plagi mbili zinazofanana, na ukizibadilisha unaua ubao. Nyaya nyeusi za plagi zote mbili lazima zikutane katikati, nyeusi kwa nyeusi.

## Hatua ya 3: Panga foleni kama hospitali

Sasa kaa chini na kadi, mashine ziwe mbali. Zigawe mafungu matatu.

Mahututi. Kila mashine ambayo uharibifu wake unaendelea hata ikiwa imezimwa: betri imemwagika, kuna kutu mbichi, au kapasita ndogo za juu ya ubao (vipuri vinavyotunza chaji ya umeme) zimeanza kuvuja. Kapasita hizi ni ugonjwa unaojulikana wa Amiga 600, Amiga 1200 na Macintosh SE/30. Risasi inayozizunguka hupoteza mng'ao, na ukiigusa kwa solda ya moto utasikia harufu ya samaki. Ukishaisikia mara moja hutaisahau.

Wagonjwa. Zina hitilafu lakini haizidi kukua: kibodi haifanyi kazi, diski haisomi, picha haitoki.

Waliolala. Hazina dalili yoyote na hazijajaribiwa.

Andika fungu kwenye kadi kwa rangi. Ndani ya kila fungu, tanguliza kazi fupi. Hata kama Commodore 64 yako ndiyo uliyojifunzia kuandika programu ukiwa mtoto, ikiwa iko fungu la tatu itasubiri. Najua inauma. Lakini itakuwa vilevile miezi sita ijayo, na ile 386 yenye unga wa kijani haitakuwa vilevile.

Kisha weka sheria ya meza: mashine moja iliyofunguliwa mezani, na moja tu inayosubiri kipuri. Hakuna ya tatu. Inayosubiri ifungwe ndani ya boksi lake pamoja na kikopo chake, na kadi iandikwe "nasubiri kitu fulani tangu tarehe fulani".

## Hatua ya 4: Amua kila moja inaishia wapi

Kabla ya kununua chochote, andika sentensi moja chini ya kadi: mashine hii nitaiita imekamilika ikifanya nini? Kuna majibu manne tu ya kweli. Iwake na ifanye kazi kama zamani. Iwake kwa msaada wa vifaa vya sasa, kwa mfano kadi ya kumbukumbu badala ya diski. Isafishwe na kuwekwa rafuni bila kuwaka. Au itoe vipuri kwa wenzake.

Jibu la nne halitakiwi kutolewa siku ile umekasirika. Mpe mwenzako mmoja anayeelewa aitazame kadi kwanza.

Andika pia kiasi cha juu cha fedha utakachotumia. Usafirishaji wa kipuri kidogo kutoka Ulaya unaweza kuzidi bei ya kipuri chenyewe, kwa hiyo subiri mpaka umepima mashine tatu au nne ndipo uagize kwa pamoja.

## Hatua ya 5: Safisha palipomwagika betri

Hapa ndipo mahututi wanapookolewa, na hapa sitaharakisha.

Toa ubao mama nje ya kasha. Chomoa mabaki ya betri. Chovya mswaki kwenye siki nyeupe na upake juu ya unga wa kijani. Utaona vipovu vidogo. Hiyo ni asidi ya siki ikikutana na alkali. Sugua polepole, futa, rudia mpaka vipovu viishe. Kisha suuza kwa maji yaliyokenekwa, maana siki ikibaki nayo itakula shaba. Malizia na alkoholi ya isopropili, inayofukuza maji. Acha ubao ukauke siku mbili kivulini penye upepo. Ukiwa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, fanya siku nne, kwa sababu hewa yenyewe ina maji.

Baada ya kukauka, chukua multimita uiweke kwenye mlio, kipimo kinacholia njia ikiwa haijakatika. Fuata kila njia ya shaba iliyopita eneo lile, ncha moja hadi nyingine. Macho yatakudanganya. Nilikuwa na 386 iliyotoka stoo ya ofisi moja Tanga. Baada ya kuisafisha ilipendeza kama mpya, ikawaka, ikadai haina kibodi. Nilibadilisha kibodi tatu. Mwisho nikaleta lenzi na taa ya pembeni: kati ya betri na soketi ya kibodi kulikuwa na njia moja ambayo rangi yake ya kijani ilikuwa nzima juu, lakini chini yake shaba imekuwa nyeusi na imekatika kwa upana wa unywele. Nilikwaruza milimita mbili kila upande, nikapaka flaksi, nikaunga uzi mmoja mwembamba wa shaba. Kibodi ikaitika papo hapo.

Onyo: usirudishe betri ya nikeli. Wala usichomelee betri ya kifungo ya CR2032 mahali pake hivihivi, kwa sababu ubao utajaribu kuichaji, na betri isiyochajika ikichajiwa inaweza kupasuka. Weka diodi ya 1N4148, kipuri kidogo kinachozuia umeme kurudi kwenye betri. Mbao nyingi za 386 na 486 zina pini nne za betri ya nje. Hapo tumia kishikio cha betri chenye waya mrefu, ukibandike mbali na ubao, ili siku ikimwagika imwagike juu ya bati tupu.

Umefaulu ukiona: hakuna rangi ya kijani wala ya bluu, risasi inang'aa, na kila njia uliyoipima imelia.

## Hatua ya 6: Pima umeme kabla mashine haijauonja

Anza nyuma ya kasha. Kama kuna swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230, hakikisha inasoma 230. Mashine iliyotoka Marekani itakuja ikiwa imewekwa 115, na ukiichomeka kwenye umeme wetu kapasita kubwa mbili za ndani, ambazo kwa kawaida hubeba volti 200 kila moja, zitapelekewa takriban 340. Ule mlio wa paa ndio huo. Kama hakuna swichi na lebo inasema 120V tu, unahitaji transfoma ya kushusha.

Kisha fungua pawa saplai, ikiwa imechomolewa saa kadhaa, utafute kapasita ya rangi ya asali iliyoandikwa RIFA. BBC Micro na pawa saplai nyingi za Apple zinazo. Ganda lake hupasuka mipasuko midogo, unyevu unaingia, na siku unawasha inatoa moshi mzito mweupe. Hata kama haijapasuka, ibadilishe na mpya yenye alama ya X2. Kwetu pwani huu si ugonjwa wa bahati mbaya, ni suala la lini.

Macintosh ndogo na monita zina mrija wa picha unaobeba maelfu ya volti, na umeme huo hubaki hata baada ya kuchomoa. Kama hujawahi kuutoa chaji, mwite fundi wa TV mwenye uzoefu wa zile zenye mgongo. Atafanya kwa dakika tano, na mwombe ufanye naye.

Sasa jaribu pawa saplai ikiwa peke yake, nje ya mashine. Unganisha ile balbu ya nyuzi kwenye waya mmoja wa umeme unaoingia, ili umeme upite kwenye balbu kwanza. Kama hujawahi kufunga kitu cha volti 240, fundi umeme akufungie. Upande wa kutoka, weka balbu ya indiketa kati ya waya mwekundu na mweusi, kwa sababu pawa saplai nyingi za PC hazikubali kuwaka bila mzigo.

Washa. Balbu kubwa ikimeremeta kidogo kisha ikafifia, vizuri. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti: zima. Kisha weka multimita. Waya mwekundu usome kati ya volti 4.75 na 5.25. Wa njano kati ya 11.4 na 12.6.

Commodore 64 inahitaji tahadhari ya peke yake. Kirekebisha volti kilicho ndani ya lile tofali lake la umeme kikifa, volti 5 hupanda, na chipu za kumbukumbu hufa kabla hujasikia harufu yoyote. Tofali likisoma zaidi ya 5.25, liweke kando moja kwa moja. Binafsi silitumii hata likisoma sawasawa. Nunua jipya lililotengenezwa na wapenzi wa mashine hii, ndiyo fedha ya kwanza ya kutumia kwenye Commodore yoyote.

Mwisho, pima ukinzani kati ya volti 12 na ardhi kwenye ubao wenyewe. Ukisoma karibu na sifuri, tafuta kapasita za tantali, zile zenye umbo la tone. IBM PC na XT zinajulikana kwa hili: kapasita moja ikipiga shoti, pawa saplai inakataa kuwaka na unadhani ndiyo mbovu.

## Hatua ya 7: Washa kwa mara ya kwanza

Toa kadi zote zisizo za lazima. Bakiza ubao, kumbukumbu, kadi ya picha na spika. Washa sekunde kumi, zima, gusa chipu kwa nyuma ya kidole. Yenye moto mkali ndani ya sekunde kumi ina tatizo. Kama hakuna, washa dakika moja, kisha kumi.

Andika kila mlio na kila neno linalotokea kwenye monita. Ongeza kadi moja moja, na uzime kabla ya kila kadi.

Chipu zenye kidirisha kilichozibwa kwa stika zisibanduliwe stika. Mwanga wa jua hufuta programu iliyo ndani. Mashine ikishawaka, nakili chipu hizo kwa programa (kifaa cha kusoma na kuandika chipu) kabla hazijaanza kusahau.

## Hatua ya 8: Okoa kilichomo kwenye diski

Usiandike chochote kwenye diski ya zamani kabla ya kuinakili yote. Flopi ya inchi 3.5 hufungwa isiandikwe kwa kufungua kile kidirisha. Ya inchi 5.25 ni kinyume, unaziba pengo la pembeni kwa stika. Watu huchanganya hapa na kufuta kazi za miaka.

Kagua kila flopi kwenye mwanga. Ukiona ukungu, usiiingize: itachafua kichwa, na kichwa kichafu kitakwaruza flopi zinazofuata. Safisha kichwa kwa isopropili kila baada ya flopi chache. Kwa kunakili, Greaseweazle huunganisha kiendeshi cha flopi na kompyuta ya sasa kwa USB, na inasoma hata flopi za mashine ambazo Windows haizijui.

Kama PC ni ya zamani sana na diski yake imefungwa kwa nyaya mbili bapa, diski na kadi yake ya kuiendesha ni mke na mume. Ukizitenganisha huenda data isisomeke tena. Andika namba moja kwenye zote mbili.

## Hatua ya 9: Plastiki na hifadhi

Umanjano wa kasha ni kazi ya mwisho kabisa. Haidrojeni peroksidi ya asilimia 12 na jua la saa chache huurudisha, lakini jua letu la mchana hupinda plastiki, kwa hiyo fanya asubuhi na ugeuze kasha kila nusu saa. Umanjano utarudi polepole. Mimi nyingi naziacha zilivyo.

Hifadhi muhimu zaidi ni kuinua mashine kutoka sakafuni, kwa ajili ya mchwa, na kuziba matundu ya nyuma kwa wavu mwembamba. Mavi ya mijusi na mende hula njia za shaba kama betri inavyofanya. Weka pakiti za silika ndani ya kasha na uzibadilishe kila masika yanapoisha.

Kisha rudi kwenye kadi. Andika tarehe, volti ulizosoma, vipuri ulivyobadilisha, na kitu kimoja cha kutazama utakapoifungua tena. Skrubu ya mwisho ikirudi na kikopo kikiwa kitupu, chukua kadi inayofuata kwenye fungu la mahututi.